Koti la Kijani na Baiskeli ya Chanjo

Wiki iliyopita nilikuwa barazani kwangu hapa Mwamkulu nachambua mchele, akapita binti mmoja wa zahanati akisukuma baiskeli. Pikipiki yao iko gereji, kwa hiyo kapewa baiskeli aende vijijini. Alikuwa kavaa suruali nyeupe, viatu vya wazi vyenye kisigino, na koti zito lililofungwa zipu mpaka kidevuni kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Asubuhi yenyewe ilikuwa imeshakwisha. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mguu wa kulia wa ile suruali nyeupe ulikuwa umechorwa na mnyororo mpaka karibu na goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda kuchanja watoto au unakwenda kuposwa?"

Alicheka, akaegemeza baiskeli ukutani, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akaniuliza, "Sasa bibi, baiskeli mtu anaivalia nini?" Nilimwambia machache, maana akina mama walikuwa wanamsubiri. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa ajili yake na nyie wenzake wote mnaodhani kwamba baiskeli ni ya kupanda tu.

Mimi naitwa Leokadia. Nilikuwa muuguzi wa huduma ya mkoba tangu Mpanda ikiwa bado Mkoa wa Rukwa mpaka nilipostaafu, na huduma ya mkoba ni hiyo ya kumfuata mama na mtoto wake kule kule anakoishi. Kiboksi cha chanjo chenye barafu nyuma, mizani begani, na wewe katikati. Tena lazima mjue kwamba mimi ni mtu wa nguo. Mama yangu alikuwa akiuza vitenge sokoni Kashaulili, na mimi nimekulia chini ya meza yake. Hata leo nikikutana na mtu, nguo naiona kabla ya uso. Wengine wanasema ni majivuno. Sawa, lakini majivuno hayo yamenifikisha nilipokwenda, na mara moja yaliniponza, kama mtakavyoona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kalisti, mchanjaji aliyenitangulia. Mtu mfupi, mkimya, mwenye mapaja ya mcheza mpira. Siku yangu ya kwanza njiani ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi ya kwetu inayowafanya hata mbuzi wasimame palipo na jua. Nilikuja na sweta mbili na leso kichwani. Mzee Kalisti alikuwa na shati moja la mikono mirefu, anatetemeka waziwazi.

"Utakufa, mzee," nikamwambia.

"Ukiondoka nyumbani umeshiba joto, umekosea," akasema. "Ondoka unaona baridi kidogo. Kilima kile pale ndiyo sweta yako."

Sikumsikia. Kilima kilipokwisha nilikuwa nimelowa kama niliyetoka mtoni. Nikavua sweta moja nikaifunga kwenye keria bila kuikaza, nikamfuata. Haikuchukua muda, baiskeli ikagoma ghafla na mimi nikakaa chini. Mkono wa sweta ulikuwa umeingia kwenye spoku na kujizungusha kwenye ekseli. Tulikaa pale tukiikata kwa wembe, uzi baada ya uzi. Tulipomaliza, mzee alifungua vifungo vya shati lake akanionyesha: kifuani alikuwa ameweka gazeti. Upepo haupiti kwenye gazeti, na ukipata joto unalichomoa, unalikunja, unaliweka mfukoni. Mikononi alivaa soksi. Jaribuni kabla hamjacheka.

Suala la sketi nitalisema wazi, maana siku hizi binti akivaa suruali hakuna anayegeuka kumtazama, lakini zamani zetu ilikuwa kesi. Sketi pana inaingia kwenye mnyororo, sketi ya kubana haikanyagi pedali. Kitenge cha kufunga ndicho kizuri, ila fundo liwe upande wa kushoto, mbali na mnyororo, na ndani yake uvae suruali. Mwisho wa suruali, mguu wa kulia, vaa pete ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Hicho ndicho alichokikosa yule binti mwenye suruali nyeupe.

Suruali yangu ya kwanza ilikuwa ya mume wangu. Alfajiri moja nikiwa naondoka, mama mkwe akanikuta uani, upepo umepeperusha kitenge.

"Leokadia, hiyo suruali ya nani?"

"Ya Baba Anjelo, mama."

"Na yeye leo atavaa nini?"

"Bado kalala, mama."

Alitazama juu kwa muda mrefu, nadhani alikuwa akizungumza na Mungu kuhusu mwanawe. Kisha akasema, "Basi urudi kabla hajaamka." Tukacheka sote wawili. Mwisho wa mwezi ule alininunulia suruali yangu mwenyewe, ya kahawia, na akaniambia nisimwambie mtu ni nani kanunua.

Jua la mwezi wa tisa na wa kumi ndilo linalowadanganya vijana wengi. Mnadhani mkivua nguo mtapata nafuu. Waangalieni wavunaji wa asali wanaotoka porini, hamtamkuta hata mmoja kifua wazi. Vaa pamba, mikono mirefu, rangi ya kung'aa, na usivae nailoni hata kama umepewa bure. Kofia iwe ya ukindu, yenye kamba chini ya kidevu, la sivyo utakuwa unapanda baiskeli nusu ya njia na kufukuza kofia nusu nyingine. Shingoni funga kipande cha khanga kilicholoweshwa, na kila ukifika kwenye maji kiloweshe tena. Khanga hiyohiyo ndiyo unayojifunika nayo pua Fuso likipita na vumbi lake.

Rangi nayo ina habari zake, hasa ukiwa unapita penye mbung'o. Mbung'o anapenda bluu na nyeusi. Wataalamu wa mifugo wanatundika vitambaa vya rangi hizo kwenye miti kumtega, kila mtu wa huku ameviona. Hata hivyo kwaya yetu ilipoalikwa sherehe kwenye kigango cha ng'ambo ya pori, mwalimu wa kwaya, Bwana Fokasi, alishonesha sare mpya: bluu iliyokoza, kola nyeusi. Nikamwambia, "Mwalimu, nguo hizi tuzibebe, tukavalie kulekule." Akajibu kwamba tutaingia kigangoni juu ya baiskeli huku tunaimba, watu watusikie na watuone. Basi nyie, mbung'o ndio walitutangulia kutuona. Baiskeli zote za kwaya zilikuwa zinayumba, watu wanajipiga makofi mgongoni kwa vitabu vya nyimbo. Tulipoingia tuliimba, naam, lakini sauti ya kwanza ilikuwa na mdomo uliovimba, na sauti ya tatu wote walikuwa wanajikuna kwa zamu. Mimi nilikuwa na kitenge cheupe juu ya sare na nyuma yangu kopo lenye kinyesi kikavu cha tembo kinachofuka moshi, dawa ya wazee. Nilipona, ingawa kwenye chakula hakuna aliyetaka kukaa karibu nami.

Sasa tufike kwenye mvua, maana hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hata Mzee Kalisti alikuwa hakijui.

Mwendesha baiskeli hanyeshewi kutoka juu tu. Gurudumu la mbele linakunyeshea kutoka chini. Ukivaa buti za mvua, maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea, unakanyaga pedali na ndoo mbili miguuni. Vaa makatambuga, acha maji yaingie na kutoka. Nguo kavu zifunge kwenye mfuko wa nailoni, huo uingie kwenye mfuko mwingine, na usiufungue mpaka umefika. Makoti ya nailoni yanazuia mvua, lakini yanafuga jasho, unafika umelowa vilevile.

Nilitafuta koti zuri muda mrefu. Siku moja sokoni Kashaulili, kwenye rundo la mitumba, nikavuta mkono wa kijani na koti zima likafuata. Kijani kilichokoza, refu mpaka magotini, lina kofia yake, na chini ya makwapa lina matundu ya kupitisha hewa. Nilijitazama kwenye kioo cha duka la jirani nikajipenda. Niliona mvua sasa imepata mwenzake.

Wiki ileile ilikuwa zamu ya Migombani. Hicho kilikuwa kitongoji cha mbali kuliko vyote nilivyohudumia, ng'ambo ya pori, watu wengi wakiwa wa asili ya Burundi, wakulima hodari wa migomba na mpunga. Nilikuwa sijawahi kufika, maana mwanzoni kilihudumiwa na Mzee Kalisti, naye alikuwa amepumzika kwa sababu ya goti. Haikuwa safari ya kuahirisha. Surua ilikuwa imeingia kwenye vijiji vya barabarani, na kijiji kimoja walikuwa wameshazika. Migombani kulikuwa na watoto wengi ambao hawajachanjwa.

Nilifika kukiwa na manyunyu, mkavu, najivuna. Sikukuta mtu. Sufuria ya maharage inachemka jikoni, kuku wanatembea, mwiko umeanguka chini bado una ugali wa moto. Nikapiga hodi nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Ya mwisho, chini ya kipenu, nikamkuta babu mmoja mwenye mguu mbovu. Aliponiona akainua mikono yote miwili.

"Mama, mimi sijakata mti. Tazama mguu wangu. Mti naukataje?"

"Babu, mimi ni nesi. Nimekuja kuchanja watoto."

Alinitazama kuanzia kofia mpaka magotini, akatikisa kichwa. "Nesi gani anavaa koti la msitu?"

Hapo nikaelewa. Baadhi ya mashamba yao yalikuwa yamevuka mpaka wa hifadhi ya msitu, na askari wa misitu walikuwa wakija kwa baiskeli na pikipiki, wamevaa kijani kama kile. Watoto wanaolinda mpunga dhidi ya ndege walikuwa juu ya vichanja vyao, wameniona natokea porini, wakakimbia kutoa habari. Akina mama wakabeba watoto wao, wakaingia porini kwenye manyunyu yale. Mimi niliyekuja kuwakinga watoto nimewatoa kwenye joto la jiko na kuwapeleka kwenye baridi. Niliona uchungu sana, sitaki kuficha.

Nilisubiri mpaka nikaona nikizidi kukaa barafu ya chanjo itayeyuka. Hakuna aliyerudi. Nikageuza baiskeli na kiboksi changu vilevile kilivyokuja.

Mzee Kalisti nilipomsimulia alicheka mpaka akashika goti, kisha akaacha kucheka. "Mimi nilikuwa nakwenda na kanzu ya mvua niliyoshona kwa mifuko ya mbolea," akasema. "Nyeupe, ina maandishi mgongoni. Nilikuwa naionea aibu. Kumbe ndiyo iliyokuwa inanikaribisha." Akaniambia nirudi upesi. Surua haisubiri mtu achague nguo.

Nilimtuma katekista, ambaye alikuwa akipita kule kila wiki, awaambie kwamba nesi atakuja Alhamisi akiwa na gauni la kitenge cha njano. Sikujua kwamba mto ulimzuia, hakufika.

Alhamisi ile mvua ilianza nikiwa katikati ya pori, tena si manyunyu. Nilikuwa nimevaa koti juu ya gauni la njano, maana pale miti tu ndiyo iliyokuwa ikiniona. Niliendesha vizuri, nikiwa na joto langu, mpaka nilipoona mwanga wa mashamba mbele. Nikasimama nyuma ya kichuguu. Ndani ya koti nilikuwa mkavu kabisa. Nje mvua ilikuwa inapiga majani mpaka husikii kengele ya baiskeli. Na nilijua kutoka pale mpaka nyumba ya kwanza kuna mwendo wa kutosha mtu kupata homa ya mapafu.

Nikalivua. Nikalikunja, nikalisukumia chini ya kiboksi, nikatoka porini na njano yangu.

Kabla sijafika kwenye mpunga nilikuwa nimelowa mpaka mifupani. Kitenge kilinishika miguu, meno yanagongana. Kwenye kichanja cha kwanza nikawaona watoto wawili wamejikunyata chini ya jani la mgomba. Nikapunga mkono. Mmoja akabaki ananikodolea macho. Mwingine akaruka chini na kukimbilia nyumbani.

Nilikuta uwanja mtupu, kama mara ya kwanza. Nikaegemeza baiskeli, nikasimama katikati ya uwanja kwenye mvua, kwa sababu niliogopa nikiingia kwenye kipenu watadhani natafuta mtu wa kumkamata. Sikupiga hodi. Nilisimama natetemeka tu, nikisema moyoni kwamba barafu safari hii ina muda, mimi ndiye sina.

Migomba ikasogea. Akatoka mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, kajifunika jani kichwani. Baadaye nilimjua kuwa ni Mama Donatila. Alinizunguka pole pole kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe si wa msitu," akasema. "Wale hawanyeshewi hivi."

"Mimi ni nesi wa chanjo, dada."

"Si ndiyo wewe ulikuja wiki ile? Mbona ulikuja kama wao?"

"Nilikuwa naogopa mvua."

"Na leo?"

"Leo naogopa surua."

Akamgeuza mtoto kutoka mgongoni akamweka kifuani, akamfunika vizuri. Kisha akageukia migomba na kuita kwa Kirundi, kwa sauti kubwa, maneno mengi. Nililoelewa ni "muganga" tu. Wakatoka mmoja, wawili, kisha kundi zima, watoto migongoni na wengine wameshikwa mikono, na yule babu akacheka kwa sauti kutoka kwenye kipenu chake.

Hawakuniacha niguse kiboksi. Walinivuta jikoni, wakanivua gauni mbele ya moto huku wananigombeza kwa lugha mbili. Mmoja akanifunga khanga, mwingine akaniongezea yake juu, mwingine akaleta sweta ya mume wake iliyochanika viwiko. Wakanipa uji wa moto. Nilichanja nikiwa nimevaa nguo za nyumba tatu, hakuna rangi iliyoelewana na mwenzake, mimi mtoto wa muuza vitenge. Wa kwanza alikuwa mtoto wa Mama Donatila. Alilia kwa nguvu, na akina mama wakapiga vigelegele.

Surua ilifika Migombani kabla mpunga haujavunwa. Ilikuja na mgeni wa harusi kutoka vijiji vya barabarani. Nilisikia habari hizo nikiwa kitandani na homa yangu mwenyewe, na kwa siku kadhaa sikula vizuri. Kisha katekista akapita nyumbani, kafunga mkungu wa ndizi kwenye keria.

"Huu umetoka kwa Mama Donatila," akasema. "Na kanituma nikwambie hivi: jana jioni wamewaita watoto wote wa Migombani kwa majina, mmoja mmoja, na wote wameitika."